Kaki na Shiromani

Katika visiwa vyetu mume haendi kaburini akimwachia mkewe swali. Mume anapozidiwa, watu hutoka chumbani, mke huketi karibu na kichwa chake na kumwomba radhi kwa yote aliyomkosea, kwa kujua na kwa kutojua, naye mume humwambia kuwa ameridhika. Ni maneno machache. Wapo waliogombana miaka thelathini wakayasema wakaagana kwa amani. Mimi sikugombana na mume wangu, na maneno hayo sikuyapata. Nitaeleza kwa nini, kwa mpangilio wa tarehe, kwa sababu nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, na kitu cha kwanza nilichofundishwa kukiandika ubaoni kilikuwa tarehe.

Mimi ni wa Itsandra, kaskazini ya Moroni. Yeye alikuwa wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani, karani wa serikali aliyeletwa kufanya kazi Moroni. Alinioa mwaka 1966 na akaingia nyumbani kwangu, kama ilivyo desturi yetu kwamba nyumba ni ya mwanamke. Mwaka uliofuata alinipeleka Mutsamudu kuonana na mama yake.

Nilijipamba siku ile. Nilivaa leso zangu mbili mpya kwa namna ya kwetu, nikapaka usoni msandali uliosagwa kwa maji ya waridi, na kwa kuwa mume wangu alikuwa amebaki nyuma akizungumza na mchukuzi, nilitangulia kupanda ngazi nikiwa na kikapu mkononi. Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni na wanawake wa ukoo wake, wote wamejifunika shiromani, ile nguo kubwa nyekundu na nyeupe ambayo mwanamke wa Mutsamudu hatoki bila kujitanda kutoka utosini hadi kifundoni.

"Kikapu kiweke ukumbini, binti," aliniambia. "Bibi yako yuko wapi?"

"Bibi yangu yupi, mama?"

"Bibi harusi. Huyo uliyemchukulia mizigo."

Wanawake walicheka kabla hata sijajibu, kisha wakanyamaza walipomwona mume wangu ananishika bega. Mavyaa hakucheka wala hakutahayari. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akamwambia mwanawe, "Basi mvishe, watu wasinikosee heshima."

Jioni ile mume wangu alininunulia shiromani yangu ya kwanza, na wifi yangu, dada yake wa pekee, akanifundisha kuitanda. Nilipotoka nayo kumsalimu mavyaa, alisema, "Nguo imefika Mutsamudu. Mwenyewe bado yuko njiani."

Sikumchukia. Nilijua alichopoteza. Alikuwa amemwekea mwanawe binti wa shangazi yake, nyumba imeshaanza kujengwa, naye kijana akaoa ng'ambo, mwanamke wa kisiwa kingine asiyejua kusoma. Mavyaa alifariki mwaka 1973. Mume wangu alikuwa karibu naye. Alimwomba radhi mara tatu, na mama yake mara zote tatu aligeuzia uso wake ukutani. Aliporudi Moroni alinieleza mara moja tu, akiwa anavua viatu, na sikumsikia akilitaja tena. Lakini mtu niliyeolewa naye alikuwa akilala chali, na tangu safari ile alilala kiubavu, amejikunja kama anayejificha.

Tarehe 6 Julai 1975, nchi ilipotangaziwa uhuru, alivaa suti yake nyeupe na kofia iliyodariziwa kwa mkono, akaweka miwani yake yenye fremu nyeusi, akatoka. Mtaa mzima ulimsalimu kwa cheo. Wazee waliomzidi umri walimpisha njiani. Serikali ile haikumaliza mwezi. Tarehe 3 Agosti ilipinduliwa, na kufikia mwanzo wa mwaka uliofuata nchi ilikuwa mikononi mwa kiongozi wa mapinduzi, ambaye alitaka tuanze upya kila kitu: ardhi, ndoa, mazishi, na hata mavazi. Vijana wa shule, katika kamati za mapinduzi, ndio waliopewa kazi ya kutuanzisha. Mwezi wa Aprili 1977 makarani waliachishwa kazi, na kumbukumbu za serikali zikatiwa moto. Mume wangu alirudi nyumbani mchana na suti ileile, inanuka moshi. Kesho yake alitoka na kanzu kuukuu kununua samaki. Wale waliompisha njia walipita bila kumwona. Sikuona ukorofi katika nyuso zao. Kwa kweli hawakumtambua.

Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa napanda. Tangu mwaka 1976 nilikuwa nahudhuria masomo ya jioni ya watu wazima. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilishika upesi, na baada ya muda nikawekwa kufundisha wanawake wenzangu, nikapewa sare: shati la kaki, suruali ya kaki, na kofia. Nywele tuliagizwa tuzipunguze. Sitajifanya kwamba nilivishwa kwa nguvu. Katika leso zangu nilikuwa "we mama" sokoni; katika kaki wauza samaki waliniuliza nataka yupi. Mwanamume wa makamo aliwahi kunipisha foleni ya mchele na kuniita kiongozi.

Mume wangu aliponiona nayo mara ya kwanza alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mke wangu ametoka," alisema. "Ukimwona mwambie chakula kimepoa."

Nikacheka, naye akacheka. Usiku ule alinisikiliza nikimsomea ukurasa mzima bila kukwama, akaniambia kwamba angekuwa yeye ni waziri angenipa wizara. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Moroni haikuwa na kazi kwake tena. Mwezi wa Agosti 1977 alikwenda Mutsamudu kusimamia mikarafuu ya ukoo wao, akakaa kwa dada yake. Mimi nilibaki na nyumba na wanafunzi wangu, na ujira mdogo tuliokula sote wawili. Tulikubaliana iwe kwa muda.

Mwezi wa Januari vijana wa kamati, wamevaa kaki, waliingia Mutsamudu wakitokea Moroni. Waliwakusanya watu wenye jina. Walimvua mume wangu kofia mbele ya msikiti, wakamvua kanzu, akabaki na shuka na fulana, wakamtwisha kapu la mawe azunguke nalo mtaani. Miwani ilimwanguka, na mmoja wao akaikanyaga. Hapakuwa na wa kuitengeneza. Tangu siku hiyo, wifi aliniambia baadaye, alikuwa akiwatambua watu kwa rangi ya nguo zao na mwendo wao. Uso wa mtu hakuuona mpaka uwe umemkaribia kama kioo. Siku hiyohiyo walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya shiromani. Walisema mwanamke huru hajifuniki. Zilirundikwa uwanjani, zikachomwa.

Haya yote sikuyajua. Nilichopata, katikati ya mwezi wa Machi 1978, ni salamu ya mdomo kutoka kwa mtu aliyetoka huko: mumeo ana homa, imempanda kichwani, yuko hospitali ya Hombo, usichelewe.

Ndege ilikuwa ya watu wenye kazi ya kamati. Nilivaa sare yangu nipate nafasi, nikaipata. Katika furushi langu niliweka shiromani yangu, ile aliyoninunulia. Kijana wa ukaguzi uwanjani aliifungua, akaining'iniza juu kwa vidole viwili kama mtu aliyekamata paka.

"Dada, mwalimu mzima na pazia la mabibi?"

"Ni ya mgonjwa," nilisema.

"Mgonjwa wa nini, wa kuona aibu?"

Wenzake walicheka. Aliiweka chini ya meza, akanirudishia furushi na kunitakia safari njema, kwa adabu kabisa. Alikuwa amevaa kama mimi.

Ilikuwa Alhamisi. Kutoka uwanja wa ndege wa Wani nilikwenda moja kwa moja Hombo. Mlangoni mwa hospitali watu wengi walikuwa wamezuiwa nje wakisubiri saa ya kuona wagonjwa, wanawake wamejifunika vitambaa vya kuokoteza, mashuka, mapazia. Mlinzi aliniona nikiwa mbali, akafungua lango, akasimama wima. Nilipita. Hata jina hakuniuliza.

Alikuwa amelala kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Amepungua. Ndevu zilikuwa zimemwota nyeupe, kitu nilichokuwa sijakiona. Nilisimama miguuni pake, akafungua macho, akanitazama, akaanza kujivuta nyuma kuelekea ukutani.

"Kofia mlishachukua," alisema kwa sauti ndogo. "Kanzu pia. Hapa sina kitu, mwanangu."

"Ni mimi," nilimwambia. "Ni mimi, mkeo."

Nilisema kwa lugha ya kwetu Moroni, lugha niliyozungumza naye miaka kumi na miwili. Lakini wale waliomtwisha mawe nao walisema lugha hiyohiyo. Nikaona amekaza vidole kwenye shuka.

"Mke wangu yuko kwao. Hana habari na mambo yenu." Alipumua. "Mwanamke yule hajui kitu. Hata kusoma hajui."

Nilimwelewa. Alikuwa ananificha. Katika homa ile, mtu ambaye hakuweza kunitambua aliweza kukumbuka kwamba waliosoma huandamwa, akanifuta elimu yangu yote kwa sentensi moja ili niwe salama.

Nilivua kofia nikadhani ataniona. Nywele zangu zilikuwa fupi kama za mvulana. Alifumba macho. Nilipiga magoti, nikaushika mkono wake, nikasema nililokuja kulisema. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Nyinyi hamwombi radhi," alijibu. "Nyinyi mnachukua."

Akaanza kutetemeka. Mwuguzi, mama wa makamo, alinishika kiwiko taratibu. "Dada, unamtia hofu. Moyo wake hauwezi. Toka kidogo."

Nilikwenda kwa wifi, mji wa zamani, nikipanda vichochoro kwa mbio. Alichungulia, akauona mguu wa suruali, akafunga mlango.

"Wifi, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana nimefunga."

"Hanijui. Ananiogopa. Nataka shiromani."

Kisha komeo likavutwa. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomwacha, kichwa kimefungwa taulo. "Shiromani," alisema. "Waulize wenzako ziko wapi. Yangu nilisikia moshi wake nikiwa hapa jikoni."

Akaenda kwenye pipa la mchele, akazamisha mikono yote miwili hadi mabegani, akatoa furushi lililofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na shiromani moja, imekunjwa na asumini zilizokauka na unga wa msandali. Chumba chote kilinukia.

"Ya marehemu mama," alisema. "Ndiyo iliyobaki. Nikikupa ukanyang'anywa, usirudi hapa."

Nilifungua shati, nikaizungusha tumboni na kifuani, nikafunga vifungo juu yake. Wifi alinitazama, akatoa sauti ya pua ambayo zamani ingekuwa kicheko. "Umenenepa ghafla, mwalimu," alisema. Nilishuka mjini katikati ya vijana wa doria wakinipungia mkono.

Nilijitanda kwenye ujia wa hospitali, nyuma ya mlango, kama wifi alivyonifundisha mwaka 1967. Adhuhuri ilikuwa imepita. Niliingia polepole, mwendo wa wanawake wa Mutsamudu, ambao nguo yenyewe humlazimisha mtu kuutembea.

Aligeuza kichwa kabla sijafika. Kwanza nadhani ilikuwa harufu. Kisha aliona nyekundu na nyeupe, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, si siku ya ndoa yetu, si siku ya uhuru. Akasogea kitandani kwa shida kunipa nafasi ya kukaa, kama anavyosogea mtoto.

"Mama," alisema. "Umekuja."

Nilikaa. Alishika pindo la nguo akalivuta hadi kwenye shavu lake.

"Mama, nipe radhi. Nimekaa bila yake. Nimechoka, mama."

Hapo nilikuwa na njia mbili na pumzi moja ya kuchagua. Ningeweza kumsogelea karibu kabisa, uso kwa uso, nikamwambia mimi ni nani. Pengine safari hii angenijua, kwa kuwa hofu ilikuwa imemtoka. Ningemwomba langu, angenipa, nina hakika angenipa. Lakini ningemwondolea mama yake, na nilimwona mtu huyu kwa miaka akilala amejikunja. Sikuchagua kwa wema. Nilichagua kwa sababu alikuwa ameniomba yeye kwanza.

Neno radhi ni moja katika visiwa vyote. Nililisema kwa sauti ya chini, kwa lafudhi ya kwao, kadiri nilivyoiweza. "Radhi, mwanangu. Nimekupa radhi, duniani na akhera."

"Mara tatu," alisema.

Nikamwambia mara tatu.

Aliachia pindo. Alilala chali, mikono wazi, na hakusema tena neno na mtu. Nilikaa naye hadi alasiri, nikijiambia akiamka nitamwambia. Hakuamka. Alikufa kabla ya magharibi, na tulimzika Ijumaa, baada ya sala, na watu wachache, kwa sababu mazishi ya watu wengi yalikuwa yamekatazwa.

Wifi aliniuliza usiku wa kwanza, tukiwa wawili, na nikamweleza yote. Alisikiliza akiikunja shiromani ya mama yake, pindo juu ya pindo. Nilipofika kwenye neno lile mkono wake ulisimama.

"Mama asingempa," alisema.

"Najua."

"Nilikuwepo. Asingempa hata leo." Kisha akajifunika uso kwa nguo ile, akalia ndani yake, na nilikaa kando yake bila kumgusa, kwa sababu sikujua alikuwa akimlilia nani kati ya wawili.

Nilikaa eda palepale nyumbani kwake, nguo nyeupe, bila wanja wala msandali. Nilikuwa bado ndani tarehe 13 Mei, serikali ya mapinduzi ilipoangushwa. Tulisikia vigelegele kabla hatujasikia habari. Siku chache baadaye wanawake walianza kupita mtaani wamejitanda shiromani tena. Sijui walizitoa wapi nyingi vile. Wifi aliweza sasa kusoma khitma ya ndugu yake kwa heshima, mlango wazi. Nyumba ilijaa. Waliketi mikekani, na walioniangalia hawakuiangalia nguo nyeupe. Waliangalia nywele zangu, ambazo zilikuwa hazijaota vya kutosha.

"Ndiye yule wa kaki?" mmoja alimwuliza mwenzake, bila kujitaabisha kunong'ona.

"Ndiye. Alipitishwa langoni sisi tukisimama juani."

Kisha shangazi mkubwa wa ukoo, ambaye swali hilo lilikuwa haki yake, aliniuliza mbele ya wote: "Mwanangu, mumeo alikuachia radhi?"

Wifi alikuwa ameshanishauri asubuhi. Sema alikupa. Mimi nitashuhudia, nani atakwenda kumwuliza? Alikuwa ananitazama sasa kutoka upande wa pili wa sinia, na niliona midomo yake imeshatayarisha ushahidi.

"Hakunipa," nilisema. "Hakunijua."

Hakuna aliyeshangaa. Nadhani hilo ndilo lililonikata zaidi. Walikuwa wameshaliona jibu kichwani mwangu, katika nywele, tangu nilipoingia. Shangazi alitikisa kichwa. "Basi Mungu akusitiri, maana wewe hukujisitiri," alisema, na akanyoosha mkono kuchukua tende.

Ningeweza kuwaeleza mengine. Ningewaambia alikufa vipi, na nani aliyemtua mzigo wake. Lakini ingebidi niseme kwamba mama yake, aliyekuwa wifi ya huyo shangazi, alimnyima, na kwamba aliyempa ni mimi, mke niliyedhaniwa mchukuzi wa mizigo. Wangenikubalia au wangenikatalia. Kwa vyovyote wangemfukua yeye wamjadili juu ya mkeka. Niliwaacha wafikiri walivyofikiri. Wengine wao wangali hai, na ndivyo wanavyonijua mpaka leo.

Walipoondoka, wifi alizoa kokwa za tende mikekani kwa nguvu, akinipa mgongo.

"Neno moja tu," alisema. "Neno moja lingekugharimu nini?"

"Lilikuwa lake kulisema, wifi. Siwezi kujisemea."

Kisha akaniletea chai, akakaa akinitazama nikiinywa hadi ikaisha.

Mume wangu hakuwahi kulisema, na sasa hawezi. Sheikh mmoja wa Ntsoudjini aliniambia, nilipomwuliza baadaye, kwamba mume aliyekufa bila kulalamika huhesabiwa ameridhika. Nilimshukuru. Lakini sikuitaka radhi ya kuhesabiwa. Kila Alhamisi, kabla ya magharibi, namwomba radhi mwenyewe, kwa lugha ya kwao na ya kwetu, na kabla sijaomba namtajia jina langu, na jina la baba yangu, na mtaa tuliokaa, ili ajue ni nani anayesema naye.